Mabati ya Dada Violet

Mkuu, Rombo
6 Oktoba 2024

Baba Lucky,

Huku hatujambo. Mama yako analala vizuri siku hizi, ng'ombe amezaa dume, na binti yako Lucky ameshika nafasi ya tatu darasani. Habari njema nimezitanguliza ili usije ukasema nimeanza na ugomvi.

Sasa nije kwenye ugomvi wenyewe.

Juzi Fuso lilisimama hapa getini likashusha mabati ya saruji, yale ya kijivu yenye mawimbi, mazito, yanabebwa na watu wawili wawili. Nikamwambia dereva amepotea njia. Akasema hajapotea, haya ni ya mama yake Hosea, zawadi, na Dada Violet anawasalimia sana. Nikamuuliza Dada Violet ndiye nani. Akanitazama, akamtazama utingo wake, akasema, "Kwani shemeji humjui?" Mbele ya mama yako, mbele ya Eliona wa jirani aliyekuwa ameinama uani kwake akijifanya anachuma majani ya ng'ombe.

Baba Lucky, mimi ni mkeo wa kanisani. Ikiwa kuna mwanamke anayemjengea mama yako jiko, nilitakiwa nijue kabla ya dereva.

Mama yako yeye amefurahi hana habari. Anayapapasa yale mabati kila akipita. Anasema mvua ikinyesha hayapigi kelele, na kwamba mwaka huu ndugu zako wakipanda Desemba kutoka Dar na Arusha watakuta jiko la maana, siyo lile bati la kutu lililotutia aibu mwaka jana mbele ya wakwe wa kaka yako. Fundi Ebenezeri ameshaitwa. Mimi sijasema kitu. Nimenyamaza, nawe unajua kunyamaza kwangu kulivyo.

Simu nimeizima na sitaiwasha. Kwenye simu ukikosa jibu unacheka, nami nikisikia unacheka nasahau nilichouliza. Kwenye barua hutaweza kucheka. Andika, mpe Jovin kondakta wa basi la saa nane, ataiacha dukani kwa Eliona. Njiani atakuwa ameishika kwenye mwanga kuisoma, lakini potelea mbali.

Swali ni moja tu. Violet ni nani?

Mkeo,
Scola

*

Pasua, Moshi
10 Oktoba 2024

Mama Lucky, mke wangu,

Nimecheka nilipoisoma barua yako, kwa hiyo barua nayo haikunizuia. Mpe Lucky pongezi zake, na huyo dume msimuuze kabla sijamwona.

Violet ni mteja. Basi. Anafungua duka la vifaa vya ujenzi Sanya Juu, na mzigo wake wa kwanza wa mabati nimeutoa mimi pale mpakani. Ameshukuru kwa namna yake. Mtu wa biashara akikushukuru huwezi kumwambia rudisha Fuso lako.

Ngoja nikueleze alishukuru nini, uone kwamba ni kazi tu. Unajua kwamba kila kitu kinachovuka mpaka kina namba yake kwenye kitabu cha forodha. Maharage yana namba, jeneza lina namba. Mabati ya saruji yana mistari miwili: yenye asbesto na yasiyo na asbesto. Asbesto ni jiwe lenye nyuzi ndani, linachimbwa kama madini mengine, nyuzi zake haziungui wala hazikatiki. Likija ghafi liko sura ya ishirini na tano, na ile ya buluu, ambayo ndiyo mbaya zaidi, wameitengea mstari wake peke yake. Likishachanganywa na saruji linahamia sura ya sitini na nane. Bati likivunjika huo uzi ukatoka na vumbi, mtu akivuta, unakaa kwenye mapafu hautoki. Kwa hiyo mzigo ukiuandika mstari wa yenye asbesto unasimama papo hapo, unadaiwa vibali ambavyo muuza mabati hapewi. Ukiuandika yasiyo na asbesto, unapita.

Violet alikuwa na karatasi ya kiwanda inayosema hakuna asbesto. Mawakala wengine walimwambia asubiri vipimo vya maabara, wakamzungusha wiki nzima. Mimi niliisoma ile karatasi, nikaangalia kitabu, nikaandika hakuna. Siku hiyohiyo lori likapita. Akaniambia mbele ya wale wenzangu wote, "Hosea, kumbe ni wewe peke yako hapa mpakani unayejua kusoma." Ungewaona walivyonuna.

Ni mtu mcheshi, ungempenda. Anasikiliza ukimweleza jambo, haangalii simu. Amefiwa na mume, anapambana peke yake. Ndiyo maana namsaidia.

Mwambie Ebenezeri apandishe mabati kabla mvua za vuli hazijakolea. Nitakuja mwisho wa mwezi.

Wako,
Hosea

*

Mkuu, Rombo
20 Oktoba 2024

Baba Lucky,

"Ni wewe peke yako unayejua kusoma." Nimeirudia sentensi hiyo asubuhi nikikamua, nikamkaza ng'ombe chuchu mpaka akanipiga teke. Miaka yote hii nimekupikia, nimekufulia, nimekuzalia, sikujua kwamba ulikuwa unangoja kuambiwa unajua kusoma. Ungesema. Ningekuambia kila siku wakati wa chai.

Umeniandikia barua ya kunieleza kwamba Violet si kitu, halafu barua nzima imejaa Violet. Anasikiliza. Mcheshi. Haangalii simu. Mimi niliyebaki na mama yako na ng'ombe wako umenipa mstari mmoja, nao ni wa kumwagiza fundi. Hebu niambie, hicho kitabu chako kina sura ngapi, na mimi umeniweka sura ya ngapi? Ya mitumba?

Basi nikaenda Sanya Juu.

Usishtuke. Nilimwambia mama nakwenda kutafuta mbegu ya viazi. Nilishuka Moshi, nikapita kabisa karibu na hapo kwako Pasua wala sikugeuza shingo, nikapanda tena gari la huko. Duka lake halikunipotea, liko mkabala na soko. Nikaingia nikajifanya mteja, nikauliza bei ya misumari. Ni mweupe, ana mwanya, na amevaa kitenge cha kushona vizuri kuliko changu cha harusi ya mdogo wako. Nisidanganye, ni mzuri. Ningemkuta mbaya ningerudi nimepona.

Nikamuuliza, haya mabati ya saruji mazuri mnayapataje, wenzenu si husumbuliwa mpakani? Akacheka, akasema, "Mimi nina mtu wangu pale. Hosea. Huyo nikimwambia kitu hakipingi."

Mtu wangu. Nikanunua misumari ambayo siihitaji nikatoka.

Mabati yako yamepanda. Ebenezeri alikata kwa msumeno hapohapo uani na kutoboa kwa keke siku nzima, vumbi jeupe likatuingia hadi kwenye ndizi za kuchemsha. Mama yako ameshahamishia kiti chake kule jikoni, anakaa chini ya mabati ya mwenzangu anakunywa mbege, anasema jiko limekuwa kama la wazungu. Mimi nikiinua macho wakati wa kukoroga mtori, namwona Violet juu ya kichwa changu. Napika chini ya mwanamke mwingine, Hosea. Wewe ungekubali kulala chini ya bati la mwanamume aliyeniambia mimi najua kusoma?

Jibu. Na ukija mwisho wa mwezi, uje na jibu kichwani.

Scola

*

Mkuu, Rombo
5 Novemba 2024

Baba Lucky,

Mwisho wa mwezi umepita. Hukuja. Barua hakuna. Jovin ananiambia amekuona mara mbili umesimama nje ya ofisi yenu na yule mwanamke wa Sanya Juu, mnaongea kwa sauti ya chini, naye anafuta machozi.

Mwanamke halii mbele ya wakala wa forodha kwa sababu ya mabati.

S.

*

Pasua, Moshi
18 Novemba 2024

Mama Lucky,

Barua hii ni fupi, naomba uisome yote na uitii hata kama umekasirika.

Usiguse yale mabati ya jikoni. Usimruhusu mtu yeyote kuyapanda, kuyatoboa, kuyakwangua wala kuyapiga. Mama ahamishe kiti chake, arudi nyumba kubwa. Pikeni kwenye lile jiko la zamani nyuma ya zizi, au pikeni uani. Lucky asicheze pale. Yaacheni kama yalivyo mpaka nije mwenyewe. Nakusihi sana, yasiguswe.

Usiniulize sababu. Siwezi kuiandika.

Nimekosa, Scola. Nimekukosea wewe, na mama, na mtoto. Nimekaa nikatafuta maneno nikayakosa. Ndani ya gazeti hili nimekuwekea jani la sale, nimelikata mwenyewe na kulifunga fundo kama baba alivyotufundisha. Lipokee.

Wako,
Hosea

*

Mkuu, Rombo
21 Novemba 2024

Hosea,

Leo sikuiti Baba Lucky.

Sale lako limefika. Limefika likiwa limechomoza nje ya gazeti, mkononi mwa Jovin, kutoka Moshi mpaka Mkuu, kituo kwa kituo. Watu wote wa basi wameliona. Soko lote la Mkuu limejua kwamba Hosea anamwomba mkewe msamaha kwa jani la sale kabla mimi sijajua. Wazee wetu walilipeleka sale kwa miguu, mtu mzima anakwenda, anasimama mlangoni kwa mtu aliyemkosea, analishika kwa mikono miwili. Wewe umelituma kwa kondakta pamoja na mzigo wa vifaranga wa watu.

Nalo sale haliletwi kwa jambo dogo. Wewe ni Mchagga, unalijua hilo kama unavyojua jina la ukoo wako. Mtu akichelewa kurudi nyumbani haleti sale. Mtu akilewa akatukana haleti sale. Sale linaletwa mtu akiwa ameua, au amehamisha mpaka wa shamba la kihamba la nduguye, au amelala pasipo pake. Hujaua. Mpaka hujahamisha. Mama yako alipoliona alikaa chini kwenye majani, akauliza kwa Kichagga, mwanangu amefanya nini, mwanangu amefanya nini, na jibu lilikuwa lile lile ninalolijua tangu siku ya Fuso.

Na ujasiri uliutoa wapi wa kuniandikia, katika barua hiyohiyo ya kuomba msamaha, kwamba zawadi yake isiguswe? Isikwanguliwe. Isipigwe. Mtoto asicheze pale, asije akayachafua. Mama yako mzazi ahamishe kiti, yabaki masafi yakimngoja mwenyewe. Hata mimi siku zetu za mwanzo hukunitunza hivyo.

Sasa nikueleze nilichofanya, usikie kwangu kabla ya Jovin.

Sale sikulikataa. Siwezi. Nimelelewa, najua laana inayowapata wanaolikataa, na nina mtoto. Nimelipokea, nimelichomeka penye mpaka na linakuja kushika. Kwa hiyo wewe umesamehewa, umenilazimisha nikusamehe hata kabla sijakutukana, na hilo nalo nitakudai. Lakini mabati hayakuniletea sale.

Nilimwita mtoto wa Ebenezeri akapanda akafungua, nikayashusha yote. Nikachukua ile nyundo ya baba yako ya kuvunjia mawe, nikajifunga kanga, nikayapiga. Sikuyavunja tu. Niliyaponda. Kila nikipiga namwona na mwanya wake akisema mtu wangu, mtu wangu. Eliona alikuja kunishika nikamwambia asogee. Nimeyaponda toka asubuhi mpaka mikono ikafa ganzi, na nikuambie ukweli, sijalala vizuri kama nilivyolala usiku ule tangu Oktoba ianze.

Na sikuyatupa, mimi si mtu wa kutupa. Unajua njia ya getini mpaka jikoni inavyokuwa tope vuli ikianza. Nimeimwaga kokoto yake yote pale, nikasawazisha. Imekuwa njia nzuri. Lucky na wenzake wamenisaidia kubeba kwa karai, na ule unga uliobaki wamejipaka usoni wakacheza ngoma, weupe kama majini, tumecheka mpaka mama yako naye akacheka. Ndiye anayefagia ile njia kila asubuhi, ndugu zako wakija waone pasafi.

Kwa hiyo Violet wako sasa tunamkanyaga, mimi, mama yako, mtoto wako, ng'ombe, na kila anayekuja kuomba chumvi. Mwambie hivyo ukimwona.

Scola binti Leonce

*

Pasua, Moshi
22 Novemba 2024

Scola, mke wangu,

Eliona atakuwa ameshafika kwako mbio kabla barua hii haijafika, nimempigia simu nikiwa nimeishika yako mkononi. Fanya alivyokuambia. Mimi siwezi kutoka mjini, nimeambiwa nisiondoke mpaka nimalize maelezo yangu forodhani, ningekuwa nimeshafika kwa miguu. Ikiwa bado hamjafanya, fanyeni sasa: asifagie mtu. Mmwagilieni maji ile njia, iloe kabisa, isikauke, muitandike maturubai. Watoto wote waoge, vichwa pia. Nguo mlizovaa msizikung'ute, zitieni kwenye mfuko zikiwa zimeloa mfunge. Mama asiguse ufagio.

Yale mabati yana asbesto.

Mzigo wa pili wa Violet ulisimamishwa mpakani mwisho wa Oktoba. Afisa mmoja alivunja kona ya bati akalitazama, akapeleka maabara. Majibu yakaja, inayo, tena si kidogo, na ndani yake kuna na ile ya buluu niliyokuandikia kwa mbwembwe. Kiwanda ni kilekile, karatasi ni ileile. Ya mzigo wa kwanza nayo yalikuwa hivyohivyo, na niliyeyapitisha ni mimi. Siku Jovin aliponiona na Violet nje ya ofisi, nilikuwa nimemwambia majibu. Alikuwa analia, ndiyo. Ameshauza nusu ya mzigo, na mengine ameezekea nyumba ya mama yake.

Nililijua hilo Novemba ikianza. Ndipo nikanyamaza. Ofisi ilituagiza tusiseme kitu mpaka wakubwa waamue, nami niliogopa leseni, niliogopa kuliandika neno lile kwenye karatasi ambayo Jovin anaisoma njiani. Nikajiambia, yakikaa juu bila kuguswa hayana neno kubwa, hatari ni yakivunjwa, nitakuja Desemba na watu wanaojua nitayashusha taratibu, hakuna atakayejua. Nikaona sale litasema badala yangu. Niliomba msamaha kwa kuwawekea sumu juu ya vichwa. Sikufikiria kabisa kwamba utalisoma vingine. Mtu mwenye akili angefikiria.

Kila mstari wa ile barua yangu ulikuwa wa kukulinda, na kila mstari umekupa nyundo.

Umeniuliza tangu mwanzo swali moja na sikulijibu. Sikulala naye. Sikumgusa. Lakini nikikuacha uamini kwamba ulimwonea wivu bure nitakuwa nimeongeza uongo. Nilipenda kumsikia akinisifu. Nilikuwa napitisha siku nikingoja aje ofisini. Ningekuwa nautoa mzigo wa mzee mwenye kipara, ningemwambia asubiri vipimo kama walivyosema wenzangu, na ile karatasi ya kiwanda ningeiona ilivyo, karatasi tu. Nilisoma haraka kwa sababu yeye alikuwa ananitazama nikisoma.

Leo asubuhi nimekwenda mwenyewe nikaandika kila kitu, na orodha ya kila nyumba ambako mzigo ule umefika, na ya kwanza nimeiandika yetu. Leseni wameichukua. Watu wenye vifaa vyao watakuja huko, wapokee, usiwafukuze. Mpeleke Lucky hospitali akasikilizwe kifua. Usimwambie sababu, mwambie ni kipimo cha shule.

Najua sina haki ya kuomba mara ya pili. Nakuomba uwashe simu.

Hosea

*

Mkuu, Rombo
15 Desemba 2024

Baba Lucky,

Simu sijaiwasha. Si kwa kukukomoa, siku hizi siwezi kuvumilia sauti ya mtu sikioni. Nitaandika.

Watu wenu walikuja. Wamevaa mavazi meupe toka kichwani mpaka miguuni, na pua za plastiki. Kijiji kizima kilisimama barabarani kikidhani tumeletewa ugonjwa. Wameilowesha njia kwa bomba, wameikwangua mpaka kwenye udongo wa chini, wametia kwenye mifuko miwili miwili wakaifunga kama maiti. Kiti cha mama yako wamekichukua. Ufagio wamechukua. Kanga niliyojifunga siku ile niliwapa mwenyewe. Wamepita kwa Ebenezeri wakachukua na msumeno wake, naye amewauliza yeye vumbi alilokwisha kulivuta wanalichukuaje.

Mama yako haelewi. Anasema hajaona moshi, hajanusa kitu, mabati yalikuwa mazuri kuliko yote ya ukoo, na mimi ni mwanamke wa wivu niliyeharibu jiko lake halafu nikaleta watu waje kunisafishia. Simbishii. Nusu ya maneno yake ni kweli.

Ndugu zako wameanza kupanda. Wameulizana mbona jiko halina paa. Nimewaambia tunatengeneza.

Lucky nimempeleka. Daktari ni kijana mpole, amemsikiliza kifua mbele na nyuma, akasema ni safi. Nikashukuru Mungu kwa sauti. Akaniacha nimalize, kisha akasema, mama, kwa jambo hili kifua kuwa safi leo hakutuambii kitu. Akasema uzi ule ukiingia unakaa. Unaweza kukaa usifanye lolote mpaka mtu azeeke afe kwa mengine. Na unaweza kukaa miaka ishirini, thelathini, ndipo uamke. Nikamuuliza tutajuaje ni lipi. Akasema hatutajua, tutasubiri. Akasema kwa kuwa ilikuwa siku chache tuwe na matumaini. Nikamuuliza dawa ya kusubiri. Akaniandikia tarehe ya kurudi.

Nimehesabu, mtoto atakuwa mama mwenye watoto, nami nitakuwa nasikiliza akikohoa.

Nimekuwa na hasira nawe, nikakuandikia barua mbili nikazichana. Kisha nikakumbuka nyundo ilikuwa mkononi mwa nani. Wewe uliwaweka chini ya mabati, mimi nikayafanya unga nikawapa wacheze nayo. Hiyo hata ukiniletea sale mia haitoki, na sijui mimi nimpelekee nani langu.

Kuhusu yule mwanamke, nimekuamini. Umesema hukulala naye, na ulichosema baada ya hapo mwongo asingekisema. Nilipoisoma ile sehemu ya mzee mwenye kipara niliumia, kisha nikacheka, kisha nikaumia tena. Nilidhani siku nikijua kwa hakika kwamba hukumgusa nitaimba. Nimekaa nayo ile hakika hapa jikoni, bila paa, na haijanipa kitu.

Maana wivu ninaujua kazi yake. Mwanamke nitamfuata Sanya Juu, nitamwona uso, nitajua kitenge chake, nitajua siku aliyokuja na siku aliyoondoka. Ningelia mwaka, ningerudi kwa mama yangu, wazee wangekaa, mngenirudisha na mbuzi, ingekwisha. Usiku, Baba Lucky, nikimsikiliza mtoto anavyopumua, huwa naomba kitu ambacho siwezi kumwambia padri. Naomba ingekuwa ulilala naye tu.

Njoo nyumbani. Wasikuambie kwamba sitaki. Njoo wewe mwenyewe, kwa sababu Lucky si mjinga, hakuamini habari ya kipimo cha shule. Tangu tutoke hospitali anatembea polepole uani, na jana aliniuliza kama bado anaruhusiwa kukimbia. Nimemwambia baba yake anakuja Jumamosi, atamjibu.

Mama Lucky